Barua Ambayo Mama Muhuri Hakuisoma

Mwanamke asiye na mtoto huwapa watu taabu ya kumwita. Wenzake ni mama wa fulani na mama wa fulani. Yeye amebaki na jina la ubatizo, ambalo wadogo wanaogopa kulitamka na wakubwa wanaliona kama kumkumbusha jambo. Ndiyo maana watu wa parokia ile walimtafutia mtoto wa mpira. Wakamwita Mama Muhuri.

Naye akaitika. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa karani wa parokia, katika chumba kilichobanwa kati ya sakristia na tangi la maji. Humo mlikuwa na kabati la chuma la daftari za ubatizo na ndoa, kompyuta iliyoamka polepole kama mgonjwa, na dirisha la nondo nne ambako watu waliegemeza viwiko wakisubiri. Muhuri ulikaa kwenye droo, na ufunguo wa droo aliuvaa shingoni pamoja na msalaba. Ulikuwa muhuri wa zamani. Mpira wake ulikuwa umemeguka upande wa chini. Ukiugonga, duara halifungi, linaacha uwazi kama jino lililong'oka. Kila mwaka Paroko alisema atanunua mwingine, na kila mwaka Mama Muhuri alimjibu kwamba huu hauwezi kughushiwa, maana hakuna mwizi mwenye subira ya kumegua mpira namna ile.

Barua za mtu mmoja mmoja alizisoma kabla ya kuzigonga. Barua za wenyeviti wa jumuiya hakuzisoma. Desturi hiyo aliikuta. Mwenyekiti huja Jumamosi na rundo: hii ya kumtambulisha anayehamia, ile ya kumwombea kijana nafasi ya shule. Amezisoma yeye, amezitia sahihi yeye. Kazi ya karani ni kugonga na kuandika namba ya kumbukumbu. Mwenyekiti hushika rundo na kuinua ncha ya chini ya kila karatasi, kama mtu anayefunua sufuria kidogo asipoteze mvuke, na karani anagonga: pa, pa, pa.

"Kusoma barua ya mwenyekiti," Mama Muhuri alizoea kusema, "ni sawa na kumnusa padre pumzi baada ya misa." Watu dirishani walicheka kila mara kama ni mara ya kwanza.

Mmoja wa wenyeviti hao alikuwa mumewe.

Alikuwa fundi wa kuandika mabango, na maduka mengi ya mtaa ule yalisema yanachouza kwa mkono wake. Mpole, mtu wa maneno machache nyumbani, ambaye hakuwahi kumpandishia mkewe sauti. Lakini kwenye jumuiya, Majilio ilipofika, ulimi wake ulifunguka. Alijua kuongea juu ya kungoja. Mtu aliyekuja na haraka zake alivua viatu tena akakaa.

Na wao wawili walikuwa wanangoja kweli. Walipokata tamaa ya kupata mtoto wao, walikwenda kwa masista wanaolea watoto yatima, ng'ambo ya pili ya mji, wakaomba kuasili. Walipigwa picha kwenye ngazi za kanisa, wakajaza fomu, wakapata barua ya Paroko. Mume alitengeneza kitanda kidogo, akakipaka rangi nyeupe mara tatu. Hiyo ilikuwa miaka minne na nusu nyuma. Kila Jumamosi asubuhi mke alitoa godoro dogo akalianika juani, jioni akalirudisha, na majirani walikuwa wameshaacha kuuliza.

Habari za masista zilipitia kwa mume, kwa kuwa kazi zake zilimpeleka upande ule. Alirudi na ndoo zake za rangi, akanawa mikono kwa mafuta ya taa, akasema: "Nimepita kwa masista. Wamesema bado."

Mke hakwenda kuuliza mwenyewe. Alikuwa karani, aliwajua watu wanaorudi dirishani kila siku kuulizia faili, na aliapa hatakuwa mmoja wao. Mara mbili alikutana na yule sista mzee wa watoto kwenye misa ya jimbo. Sista alimshika mkono kwa huruma nyingi, akaangalia pembeni, akaondoka haraka. Mama Muhuri alidhani ndivyo watu wa Mungu wanavyokuwa wakiwa na kazi nyingi.

Kisha sista mzee akafariki, na Ijumaa ya juma la pili la Majilio akaja mwingine, kijana, mwenye miwani na boksi la majalada mikononi.

"Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele, amina. Karibu, Sista. Liweke hapo mezani, lisikuvunje mgongo."

"Wewe ndiye Mama Muhuri? Nimeambiwa ya mbinguni nimuulize Paroko, ya duniani nikuulize wewe."

"Wamekudanganya. Hata ya mbinguni huwa ananiuliza mimi namba zake."

Sista alicheka. Alikuwa anapanga upya majalada ya marehemu mwenzake, na watoto wengi wa nyumba ile walibatizwa katika parokia hii. Alihitaji namba zao za ubatizo. Akaacha boksi, akaenda kumsalimia Paroko.

Mama Muhuri alivuta daftari, akaanza. Jalada la kwanza, la pili. La tatu lilikuwa la buluu, na alipolifungua alikutana na uso wake mwenyewe. Ngazi za kanisa, gauni lake la kitenge, na mumewe kando yake amefumba macho, kwa sababu mpiga picha alihesabu haraka. Alitabasamu. Akawaza: basi tupo, hatujapotea.

Chini ya picha kulikuwa na barua. Iliandikwa kwa mkono, na mkono ule aliujua kuliko wake. Kila herufi ilisimama wima kama bango.

*Kwa makubaliano yetu, mimi na mke wangu tumeona tulisitishe ombi letu. Naomba mke wangu asiulizwe wala asizungumzishwe juu ya jambo hili, kwa kuwa bado lina uchungu kwake.*

Tarehe ilikuwa ya miaka miwili na miezi mitatu nyuma. Chini kulikuwa na sahihi ya mume. Kando ya sahihi kulikuwa na duara la wino wa zambarau, lisilofunga, lenye pengo upande wa chini. Na ndani ya duara, kwa kalamu, namba ya kumbukumbu: mia mbili na kumi na nne. Saba na nne zake Mama Muhuri huziandika kwa mkato. Nne ile ilikuwa na mkato.

Alifungua kitabu cha barua zinazotoka, akaitafuta. Ipo. Jumamosi. *Mwenyekiti wa jumuiya, barua sita.* Pa, pa, pa, pa, pa, pa. Alijaribu kukumbuka siku hiyo, hakukumbuka chochote. Labda walitaniana. Labda alimwambia apitie dukani alete chumvi.

Nyuma ya barua kulikuwa na karatasi ndogo ya marehemu sista, kwa penseli: *Msichana wa miezi saba aliyekuwa ametengwa kwa ajili yao apewe familia inayofuata.* Na namba yake ya ubatizo. Alimtafuta katika daftari. Mstari ulikuwa safi, mwandiko wa karani mwenyewe, na pembeni, kwa wino mwingine, majina ya wazazi waliomchukua, wa mji wa mbali. Cheti alikichapa yeye. Alikumbuka kwamba karatasi ilikwama mara mbili kwenye mashine.

Sista aliporudi alimkuta amesimama, ile picha ameifunika kwa kiganja.

"Sista, hawa wa jalada la buluu."

Sista alisogeza miwani. "Ah. Hao walijitoa. Wengi hujitoa, usishangae."

"Mtu aliyejitoa anaweza kurudi?"

"Anaweza, wote wawili wakiandika upya na kutia sahihi. Ila hawa..." Alikimbiza kidole kwenye fomu. "Mama anafikisha arobaini na tano tarehe tatu Januari. Sisi mama akishafika hapo hatupokei ombi. Na tunafunga ofisi Ijumaa tarehe ishirini na tatu, saa sita mchana, mpaka baada ya Epifania. Unawafahamu?"

"Mmoja wao," alisema Mama Muhuri.

Sista alipoondoka, alifunga dirisha kabla ya saa, akapita mlango wa sakristia akaingia kanisani. Palikuwa kimya. Kwenye shada la Majilio mishumaa miwili ilikuwa imeungua kiasi, mmoja mfupi kuliko mwenzake, na miwili ilikuwa mizima, utambi mweupe. Alikaa benchi la tatu, alikozoea kukaa.

Miaka miwili na miezi mitatu alikuwa ameketi hapa akimlalamikia Mungu. Si kwa adabu. Alimwambia amekuwa kama ofisi ya serikali, kila ukienda ni njoo kesho. Alimwambia kwamba Majilio ni majuma manne tu, yake yanazidi miaka minne. Aliwahi kunyamaza mwezi mzima asimsemeshe, kama watu waliogombana chini ya paa moja. Na muda wote huo jibu lilikuwa limekuja, lina miezi saba, likapigiwa muhuri lirudi.

"Basi nilikusingizia," alisema kwa sauti ya kawaida. Hakulia. Akarudi ofisini akawasha kompyuta. Ilipoamka, alichapa barua ya ukurasa mmoja.

Kesho yake, Jumamosi alasiri, ilikuwa zamu ya nyumba yao kupokea jumuiya. Watu kumi na wawili walijipanga sebuleni. Bibi Kiti aliketi mlangoni juu ya kigoda chake. Alikwenda nacho kila mahali, kwa hoja kwamba viti vya watu havina heshima kwa nyonga zake. Kando yake alikuwa dereva wa gari la taka, aliyependa kumchokoza.

Mume alisoma Injili ya Zakaria na Elisabeti, akafunga kitabu juu ya kidole chake.

"Tunaona hapa," alianza taratibu, "watu wawili waadilifu, wazee, wanangoja. Mungu hakuwasahau. Mungu alikuwa anaitengeneza saa. Ndugu zangu, kungoja kwa imani si kukaa bure. Mimi na mama yenu hapa tunajua kungoja. Mnaona lile godoro kila Jumamosi. Mtu wa nje anaweza kucheka. Sisi tunasema: Bwana, tupo."

Watu waliguna kwa kuguswa. Mama Muhuri alikuwa ameshika sinia la vikombe. Aliliweka chini, akaanza kupanga vikombe.

"Subira yavuta heri," alisema Bibi Kiti.

"Bibi, na ngoja ngoja je? Si huumiza matumbo?" Dereva alimkonyeza jirani yake.

"Tumbo lako linaumizwa na unachokila, usiisingizie Majilio."

Walicheka. Mume naye alicheka, akamgeukia mkewe. "Na mama, una neno?"

"Nina swali tu," alisema. "Zakaria alitoka hekaluni bubu. Elisabeti alijuaje kwamba malaika amekuja?"

Mume alifikiri. Alipenda maswali ya namna hiyo. "Labda alimwandikia. Baadaye tunaambiwa alitumia kibao cha kuandikia."

"Alimwandikia."

"Nadhani hivyo."

"Basi Elisabeti alikuwa na bahati," alisema Mama Muhuri. "Yeye alisoma."

Bibi Kiti alimtazama kidogo zaidi ya kawaida. Kisha wakasali, wakanywa chai, wakaondoka, Bibi Kiti na kigoda chake wa mwisho.

Mume alikuwa anarudisha viti ukutani. Mke alifuta meza, akaikausha, akaweka juu yake ile karatasi na kalamu.

"Kumbukumbu namba mia mbili na kumi na nne," alisema.

Kiti kilibaki mkononi mwa mume, hakikushuka wala hakikupanda.

"Sista mpya aliniletea majalada. Soma hiyo. Utie sahihi au usitie, lakini usome kwa sauti."

Alikaa. Alisoma kama alivyosoma Injili, polepole, kila neno likipewa nafasi yake. "Sisi wawili tunaomba turudishwe katika orodha ya wanaoomba kuasili mtoto. Barua yetu ya awali, yenye kumbukumbu namba mia mbili na kumi na nne, iliandikwa na mume bila..." Hapo akaiweka karatasi chini.

"Bila mke kujua," alimsaidia. "Ulimwona yule mtoto?"

"Nilimwona," alisema mume. "Waliniita nikamtazame kwanza, halafu nikulete."

"Yukoje?"

"Alinishika kidole. Kilikuwa na rangi nyekundu, haikutoka tangu asubuhi. Alikishika hivi, hataki kuachia." Alikitazama kidole chake. "Nikaogopa. Niliona nitamtazama kila siku, na kila siku nitaona nilichoshindwa kukupa mwenyewe. Nikasema nitakwambia nikifika nyumbani. Nilipofika, ulikuwa unaingiza godoro."

"Ukasema bado."

"Nilidhani utachoka, mke wangu. Mtu akichoka kungoja anaacha mwenyewe. Hakuna wa kulaumiwa."

"Nilikuwa namlaumu Mungu."

"Najua," alisema mume. "Nilikuwa nakusikia."

Kati ya yote, hilo ndilo lililomwingia. Barua angeweza kuielewa. Hofu ni hofu, hata mitume walikimbia. Lakini kulala chali kando yake, kumsikia akigombana na mbingu kwa kosa lisilo lake, na kugeukia ukutani. Aliinuka akaosha vikombe vyote kumi na viwili. Alipomaliza alivikausha kimoja kimoja.

"Nipe muda," mume alisema nyuma yake. "Nitatia. Ngoja kidogo tu."

"Ijumaa tarehe ishirini na tatu. Saa sita mchana wanafunga."

Barua ilikaa mezani chini ya kopo la sukari. Jumapili ya tatu Paroko alivaa vazi la rangi ya waridi na kuwaambia wafurahi, na Mama Muhuri alisimama, akakaa, akapiga magoti pamoja na wengine. Mume alikuwa na kazi ya kupaka anga la pango la Noeli. Alichora nyota moja moja kwa brashi nyembamba, na watu walimsifu. Kila asubuhi kabla ya kwenda kazini, mke aliinua ncha ya chini ya karatasi. Palikuwa peupe. Jumapili ya nne mishumaa yote minne iliwashwa. Hawakugombana. Walisalimiana, waliulizana kama chumvi imetosha. Jumamosi kabla ya hapo godoro halikutoka nje, na jirani mmoja, kwa wema, alibisha hodi kuuliza kama kuna mgonjwa.

Ijumaa tarehe ishirini na tatu alifika ofisini mapema. Kopo la sukari alikuwa ameliinua asubuhi. Karatasi haikuwepo chini yake. Hakuuliza. Akawaza: ameichukua, anaipeleka mwenyewe, atapitia hapa nigonge. Alitoa muhuri kwenye droo, akaujaribu kwenye karatasi chakavu, wino ulikuwa wa kutosha. Saa tatu. Saa nne. Kila kivuli dirishani kilimfanya ainue kichwa. Na alijua vizuri kabisa kwamba anangoja tena, na kwamba anamwamini tena, na alijionea haya kama mtu anayejikuta amevaa nguo ya ndani nje.

Saa sita kengele ya Malaika wa Bwana ililia. Alisimama kama desturi, akaisali yote, hadi mwisho. Ng'ambo ya mji mtu alikuwa anafunga mlango wa ofisi.

Saa tisa mume alikuja dirishani na rundo lake la mwenyekiti, barua za kufunga mwaka. Nyuma yake Bibi Kiti alikuwa ameketi juu ya kigoda chake, karatasi moja mapajani. Mume alishika rundo, akainua ncha ya kwanza.

"Lete rundo lote," alisema Mama Muhuri.

"Ni za kawaida tu."

"Lete."

Akazisoma. Moja ya mjane anayehamia kwa binti yake. Moja ya kwaya. Moja iliyoandika mwaka usio wake, akaitenga irekebishwe. Ya mwisho kabisa, chini ya zote, ilikuwa ile aliyoichapa yeye, imekunjwa mara nne na kunyooshwa. Sahihi ya mumewe ilikuwepo. Nzuri, wima, hata wino haukutetemeka.

"Umetia lini?"

"Leo."

"Kabla ya kengele au baada?"

Mume alitazama viwiko vyake juu ya kibao cha dirisha. Kidole cha shahada kilikuwa na rangi ya buluu, ya lile anga.

"Baada," alisema.

Mama Muhuri aligonga ya mjane, akagonga ya kwaya, akaandika namba zake. Ile ya mwisho aliikunja katika mikunjo yake ileile ya zamani, akaipitisha kati ya nondo.

"Hii siigongi."

"Mke wangu."

"Hapa dirishani mimi ni karani," alisema, bila ukali. "Nyumbani tutazungumza. Anayefuata."

Mume aliichukua, akapisha. Bibi Kiti aliinuka akiguna, akasukuma karatasi yake ndani.

"Mwanangu, yangu ni hii moja tu, ya mjukuu, ametia sahihi mwenyekiti. Gonga nijiendee, nyonga zinawaka."

"Ngoja kidogo, bibi," alisema Mama Muhuri, akaivuta karatasi karibu na mwanga. "Nasoma."

Bibi Kiti alimtazama, akamtazama mume aliyekuwa anavuka uwanja wa kanisa na barua mkononi, akarudi taratibu kukaa kwenye kigoda chake.

"Soma, mwanangu," alisema. "Soma yote."